Mita Ishirini za Chaki

Baraza yetu ya Kibokoni haina mwenyekiti wala ajenda. Alasiri ikishaswaliwa, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, wazee huketi, na lililoangukia mtaa siku ile ndilo hutafunwa pamoja na kashata. Jumanne ile lililoanguka lilikuwa karatasi.

Mama wa nyumba ya pili aliitoa mkobani, imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya baraza na kuikandamiza kwa kikombe isipeperuke. Ilikuwa orodha ya watoto 46 wa Gredi ya Nne, imepigwa chapa vizuri, kila jina na namba yake mkabala. Wa kwanza alikuwa na 51. Wa mwisho alikuwa na 7, naye ni binti yake. Karatasi hiyo ilikaa mlangoni mwa darasa siku tatu kabla mama hajaibandua kwa mkono wake mwenyewe. Wiki mbili amekuwa akitembea nayo.

Shule siitaji. Ni mojawapo ya zile za kisiwani ambazo uwanja wake uliliwa kidogo kidogo, leo darasa, kesho choo, kesho kutwa tangi, hadi ukabaki ua. Mwalimu aliyeibandika orodha ni msichana wa mwaka wa pili kazini, na kwao ni Kuze, hatua chache kutoka hapa. Alikuwa akipita na mfuko wa mboga. "Bi Mwalimu, ndoo uketi," mzee akamwita, kwa Kimvita chake ambacho hadi leo hakijaikubali j ya "njoo". Akaketi. Niliyoyasikia nayaandika hapa, nikipunguza makelele na matusi mawili.

MAMA: Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka kuuliza hii saba. Saba ya nini?

MWALIMU: Ni duru, mama. Twachora mistari miwili kwa chaki, mita ishirini baina yake. Kwetu ni kutoka mlango wa ofisi hadi tangi la maji. Simu ikilia, mtoto akimbilia mstari wa pili, afike kabla haijalia tena. Kila dakika ikipita, milio inakaribiana. Akichelewa, anatoka, nami namwandika. Zoezi hili lilibuniwa na Luc Léger, Mkanada wa Montreal, mwaka 1982, na leo hata timu za mpira hulitumia. Mimi nililipenda kwa sababu moja: halitaki uwanja. Nina watoto 46 na mita ishirini.

MAMA: Na saba ni nyingi au kidogo?

MWALIMU: Ni dakika ya kwanza tu, mwendo wa kilomita nane na nusu kwa saa. Milio ilipoanza kuharakishwa, akasimama.

MAMA: Basi nikueleze. Nyumba yetu ni ghorofa tatu, na nyanyake analala juu kabisa. Ngazi za nyumba zetu wazijua, wima kama za mnara wa msikiti. Mtoto huyu azipanda kutwa: maji, chai, dawa, sahani ya kuteremsha. Sijamwona akihema. Lakini tangu karatasi hii, kila Jumatano ana tumbo. Jumatano si ndiyo siku ya PE?

MWALIMU: Ndiyo. Lakini mama, wengi walifurahi siku ile. Walikuwa wakishangilia hata nikaogopa mwalimu mkuu atatoka. Kwani si ndiyo tunayotaka, watoto wafurahie mazoezi?

MAMA: Waliofurahi ni wepi?

MZEE: Tumbo la Jumatano hata mimi nalikuwa nalo, na zama zile PE hatukuijua, twaijua drili. Twapangwa mistari kama askari. Sasa nyinyi mwataka kila mtoto awe wa kwanza? Mwaka 1965 Feisal walipochukua ubingwa wa Kenya, timu ya papa hapa Mombasa, mwadhani wale vijana walilelewa kwa kubembelezwa? Sisi twali tukicheza Makadara miguu mitupu. Ukipigwa chenga, wachekwa mpaka Mlango wa Papa. Na kesho warudi.

MAMA: Waliorudi ndio unaowakumbuka, mzee wangu. Wasiorudi wako wapi?

Hapo hata vikombe vya muuza kahawa vilinyamaza. Mzee alifungua kinywa, akakifunga, akageuza kofia yake. "Alikuwako mmoja," akasema. "Twamwita Pipa." Tukangoja. "Akenda zake Uarabuni," akamaliza, akaomba kahawa nyingine.

Niingize neno langu hapa, maana barazani sikupata nafasi. Mtindo huu wa kuwapima watoto na kuwapanga si uvumbuzi wa mwalimu wetu wa Kuze. Marekani walikuwa na mtihani wa viungo wa shule nzima uliobeba jina la Rais. Tuzo yake ilianza 1966, zama za Lyndon Johnson: kukimbia, kujivuta kwenye chuma, kukaa na kulala chini kwa kuhesabiwa. Watoto wa vizazi viwili wakaukumbuka hadi uzeeni, wachache kwa beji waliyopata, wengi kwa vile walivyoning'inia kwenye chuma kile kama nguo kambani huku wenzao wakitazama. Baada ya mwaka wa masomo wa 2012–13 uliwekwa kando, na mahali pake ukaja mpango unaotazama afya ya mtoto badala ya nafasi yake kwenye orodha. Julai 2025 Rais Trump akatia saini agizo la kuurudisha ule wa zamani. Kwa hiyo mzee wetu ana wenzake huko, na mama wetu pia.

MAALIM: Mimi wa chuo cha Kurani, na mwajua watu hutudhania kwamba tukiitwa kwenye mambo ya michezo twaja kukataza. Sikatazi. Nina maswali matatu. La kwanza, jua. Kipindi chenu ni saa ngapi?

MWALIMU: Saa tano na nusu.

MAALIM: Saa tano na nusu! Kaskazi hii ya Februari, juu ya saruji! Watu wazima wamejificha vivulini, paka wamelala chini ya magari, nyinyi mwakimbiza watoto. Kisha saa tisa waja kwangu wamelegea kama mchicha, nami nawasomesha nini? Wekeni saa mbili asubuhi.

MWALIMU: Saa mbili ni hesabu na Kiingereza, Maalim. Sipangi ratiba mimi.

MAALIM: La pili, wasichana na nguo zao. Hilo nasikia mmelitengeneza.

MWALIMU: Wavaa suruali ndefu na mtandio wa kubana. Hata FIFA waliruhusu hijabu tangu 2014, sembuse sisi.

MAALIM: Vyema. Na la tatu ndilo kubwa. Hadithi ya Bi Aisha mwaijua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa safarini na watu wake. Akawaambia watu watangulie. Walipokwisha kutangulia ndipo akamwambia Bi Aisha, haya tushindane mbio. Bi Aisha akashinda. Miaka ikapita, Bi Aisha kaongeza mwili, wakashindana tena, mara hii Mtume akashinda, akacheka, akamwambia hii ni kwa ile. Sasa niambieni: mbio zilikuwako?

MZEE: Zilikuwako.

MAALIM: Mshindi alikuwako?

MZEE: Alikuwako.

MAALIM: Na watu?

Mzee hakujibu. Mama ndiye aliyesema, polepole, kama anayejisomea mwenyewe: "Waliambiwa watangulie."

MWALIMU: Nimeelewa, Maalim. Lakini nami nisikilizwe. Nisipopima, sijui nani anaendelea na nani yuaganda. Mtaala wataka nimwangalie kila mtoto. Na kusema kweli, hapa kwetu watoto waganda. Wateremka nyumbani, wapanda tuktuk, wakaa darasani, wapanda tuktuk, waenda chuo, warudi kwa simu. Njiani mabuyu, barafu ya rangi, viazi karai, soda. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 atembeze mwili, kwa kiasi au kwa nguvu, wastani wa dakika 60 kwa siku. Sitini! Mimi nina dakika 35, mara chache kwa wiki, na nikitoa za kuwapanga mistari na kuwanywesha maji zabaki ishirini.

MZEE: Hapo nakuunga mkono. Nyumba gani mtaani humu haina mwenye sukari?

Hakuna aliyebisha, na wawili walioweka sukari kwenye kahawa barazani waliangalia pengine.

Dakika zenyewe zina historia yake. Mtaala wa umilisi ulipoanza kuingia madarasani mwaka 2019, elimu ya viungo ilipewa heshima, walau kwenye karatasi: vipindi vyake kila wiki. Kisha wazazi na walimu wakalia kwamba masomo ni mengi mno, jopo la Profesa Raphael Munavu likatoa ripoti yake 2023, na katika kupunguza masomo, michezo, muziki na uchoraji vikatiwa chungu kimoja. Chungu kimoja si kibaya. Lakini aliyewahi kula sinia moja na ndugu wanane ajua ni nani hubaki na mifupa.

Nilitaka kuyasema hayo kwa kirefu, ila mwenye haki ya kuyasema alitokea. Binti mwenyewe, wa saba ile, aliteremka kutoka juu na sahani mkononi. Mamake akataka kuificha karatasi. Mtoto alikuwa ameshaiona.

MZEE: Mjukuu wangu, hebu tuambie. PE mwafanya siku ngapi?

MTOTO: Jumatano. Na Ijumaa.

MZEE: Na Ijumaa mwakimbia pia?

MTOTO: Ijumaa twafanya hesabu.

MWALIMU: (akicheka bila furaha) Hicho cha Ijumaa si changu.

Baraza nzima ikacheka, na mwalimu akafunika uso kwa mfuko wa mboga. Ni siri ambayo kila mwanafunzi wa Kenya aijua: silabasi ikichelewa, kipindi cha kwanza kuchinjwa ni cha michezo, na mtoto huambiwa atoe kitabu kana kwamba haki yake ya kukimbia ilikuwa mkopo.

MAALIM: Na hii saba, mwanangu? Ulichoka?

MTOTO: Sikuchoka.

MAMA: Sasa mbona ulisimama?

MTOTO: Kiatu kilitoka.

MWALIMU: Kilitoka? Mbona hukuniambia?

MTOTO: Kilitoka nikarudi kukichukua, simu ikalia, ukasema "toka". Ni vya dada. Ni vikubwa.

Mama aliinama akaanza kukunja karatasi. Aliikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka haikukunjika tena. Hakuna aliyemtazama. Viatu vya shule bei yake barazani hujulikana, na mwezi ule kila mtu alijua ni miezi mingapi bandari haijamwita mumewe kazini.

Mwalimu naye hakusema pole. Nilimpenda kwa hilo. Aliuliza swali la kazi: "Kesho nikiwaambia wote wavue viatu, yawezekana?" Mzee akasema uani kuna misumari ya mafundi. Basi waufagie kwanza, akasema Maalim. Wakabishana juu ya ufagio kwa muda ambao sitauandika.

MWALIMU: Kuna shule moja Stirling, Scotland. Mwaka 2012 mwalimu mkuu wake, Elaine Wyllie, aliona watoto hawawezi hata kuzunguka uwanja mara moja. Akawatoa nje dakika 15 kila siku, na nguo zao za shule, hakuna kubadilisha, hakuna mshindi. Atakaye kukimbia akimbie, aliyechoka atembee na rafiki yake wakizungumza. Shule nyingi zimeiga. Nimefikiria: mimi nikiwatoa Ndia Kuu, tushuke hadi Fort Jesus, turudi...

MAMA: Na bodaboda? Na mikokoteni ya maji? Ndia Kuu ile ile ambayo juzi tuktuk mbili zilibanana na pakaitwa mafundi?

MZEE: Zamani ndia ilikuwa ya miguu. Hata jina lake ni hilo, ndia.

MWALIMU: Basi Mama Ngina, kule kwenye mibuyu, pamepanuka.

MAMA: Kwa miguu, watoto 46, mwalimu mmoja, na barabara za kuvuka? Dakika 35 zitaishia njiani.

MZEE: Bahari je? Sisi hapa Bandari ya Kale twaruka kutoka ngazini kabla hatujajua kusoma.

MWALIMU: Mzee wangu, mimi mwenyewe sijui kuogelea.

Hilo liliwanyamazisha zaidi ya yote. Kisiwa hiki kina kilomita za mraba kama 14. Ukitembea kwa bidii upande wowote utakanyaga maji, na mwalimu wa michezo aliyezaliwa humu hajui kuogelea. Simlaumu. Mvulana wa Mji wa Kale hujifunza kwa kusukumwa na binamu zake. Msichana nani amsukume? Jambo hili linataka baraza yake peke yake, nasi siku ile hatukulimaliza. Hatukulianza hata.

Wakati watu wazima wakitafuta uwanja hadi Scotland, uchochoro ulishakuwa uwanja. Watoto sita, saba, kisha kumi walikuwa wamekusanyika mbele yetu, na binti wa saba ameacha sahani juu ya baraza na viatu vya dada yake chini yake. Walikuwa wakicheza kati.

Asiyeijua aielewe. Kundi moja linasimama katikati. Wawili wa kundi la pili wanasimama ncha mbili za uchochoro na kurushiana mpira, wakitaka kuwapiga walio kati. Aliyepigwa anatoka. Mpira wao ni soksi iliyoshindiliwa matambara. Zamani ulikuwa wa juala juu ya juala na kamba, mwepesi na wa kurukaruka, lakini tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 juala limekuwa adimu na watoto wamerudi kwa fundi cherehani kuomba vipande. Katikati ya uchochoro kuna chupa ya maji, tupu. Mpira ukipita, mmoja wa walio kati huchota mchanga kwa kiganja kutoka rundo la fundi anayekarabati nyumba ya jirani, hukimbilia chupa, humimina, hukwepa. Chupa ikijaa, hupanguswa mdomo, humwagwa, na wote waliotoka huwa wamekombolewa. Hurudi kati wakipiga vigelegele. Tanzania huuita rede, na chupa yao ni hii hii.

MWALIMU: Huu kwenye chuo cha ualimu tulifundishwa tuuangalie. Watu wengi wa elimu ya viungo hawaupendi mchezo wa kumpiga mtu kwa mpira. Mzito ndiye hupigwa kwanza. Hutoka, hukaa, hutazama. Yaani mwenye haja kubwa ya kukimbia ndiye akimbiaye kidogo kuliko wote.

MZEE: Lakini atakombolewa!

MWALIMU: Baada ya muda gani?

Ni swali zuri, na mwalimu hakungoja ajibiwe. Alitoa simu, ile ile yenye milio, akaiweka kwenye saa ya kuhesabu. Kijana wa kwanza kutoka alikuwa mnene wa haki, mtoto wa muuza mahamri. Mpira ulimpata mgongoni naye hajageuka. Alikaa juu ya rundo la mchanga. Sasa tazama: hakukaa bure. Kwa kuwa amekaa juu ya mchanga, wenzake walimgeuza bohari. Alikuwa akichota viganja viwili viwili na kuwawekea tayari ukingoni, akipiga kelele nani yuko nyuma yao, nani asogee. Waliotoka baada yake walijiunga naye. Mwalimu alisimama, akasogea karibu, bado ana mfuko wa mboga mkononi.

Binti wa saba alibaki peke yake kati. Miguu mitupu, mtandio umefungwa nyuma, anakwenda na kurudi baina ya rundo na chupa, hatua kama kumi hivi, mpira unapita sikioni mwake, anainama, anamwaga kidogo, anarudi. Maalim alikuwa akihesabu kwa vidole kama anayeleta uradi. Sikumuuliza alikuwa akihesabu nini mpaka alipofika ishirini na kitu akamgusa mama bega. Alikuwa akihesabu duru.

"Dakika tatu na sekunde arobaini," mwalimu alisema chupa ilipojaa na mtoto wa mahamri akarudi kati mbio. "Hizo ni nyingi kwa kipindi cha dakika ishirini."

"Tia chupa ndogo," mzee akamwambia.

"Au chupa mbili," akasema mwalimu, lakini alikuwa hazungumzi nasi tena. Alikuwa akipima uchochoro kwa hatua zake, kutoka mlango wa fundi hadi kona, midomo ikichezacheza. Aliporudi alimwambia mama kwamba namba ataendelea kuziandika, hilo hawezi kuacha, ila kila mtoto ataandika yake kwenye daftari lake na atalinganisha na yake ya mwezi uliopita. Mama akauliza nani mwingine atalifungua daftari hilo. Mwalimu akasema hakuna. Mzee akasema basi na zawadi iondolewe kabisa, dunia imekwisha, na kama hakuna kikombe yeye haoni kwa nini mtu atoke jasho. Walikuwa bado kwenye kikombe adhana ya magharibi ilipoanza, kwanza Mandhry, kisha misikiti mingine ikaitikia.

Mchezo ulikuwa umefika nusu ya chupa. Watoto waligombana kidogo kama nusu ile inahesabiwa kesho au inaanzwa upya. Kura ikapigwa kwa makelele. Binti alivaa viatu vyake vikubwa, akachukua sahani kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, akasita mbele ya mwalimu, kisha akampa chupa.

"Kesho ni Jumatano," akamwambia. "Usimwage."